Mcheza kwao hutunzwa, lakini hawa walitiwa kizuizini



Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Nasi tumeliona hilo kwa macho yetu. Ngoma inapokolea arusini, mama mmoja huinuka kitini, akamwendea mwimbaji huku akicheza, akambandika noti usoni au akamvisha kanga begani. Huko ndiko lilikotoka neno letu tuzo. Anayetuza anamjua anayetuzwa, na ukumbi mzima unashuhudia.

Wiki hii nataka tuitazame tuzo moja ya mbali, kisha tuwatazame watu wawili ambao methali hii iliwageuka. Walicheza ugenini wakatunzwa. Waliporudi kwao na kuucheza mchezo ule ule, wakatiwa kizuizini.

Tuzo yenyewe ni ile iitwayo Tony. Hutolewa kila mwaka mjini New York, Marekani, kwa michezo ya kuigiza ya jukwaani, ile ya mazungumzo na ile ya nyimbo na dansi. Watu wa filamu wana Oscar yao, watu wa muziki wana Grammy, na watu wa jukwaani wana Tony.

Ukilisikia jina hilo utadhani ni la bwana fulani. La, ni la mwanamke. Antoinette Perry alizaliwa Denver mwaka wa 1888, akawa mwigizaji, kisha mwongozaji wa michezo katika enzi ambayo wanawake waongozaji walikuwa wa kuhesabika. Ndiye aliyeuongoza mchezo wa Harvey, uliopata sifa kubwa mwaka wa 1944. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa miongoni mwa viongozi wa American Theatre Wing, chama kilichoendesha kantini za askari ambako waigizaji mashuhuri waliwaandalia wanajeshi chakula na kuwatumbuiza. Mama huyo alifariki Juni 1946, na wenzake wakaamua kumkumbuka kwa tuzo yenye jina lake la kifupi.

Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 6 Aprili 1947, siku ya Pasaka, katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Nishani haikuwapo bado. Washindi walipewa hati ya kukunjwa pamoja na zawadi ndogo: wanaume kiwashio cha sigara na wanawake kikopo cha poda. Miongoni mwa waliotunzwa usiku huo ni mtunzi Arthur Miller, kwa mchezo wake All My Sons. Nishani ya duara yenye vinyago viwili, kimoja kikicheka na kingine kikilia, ilianza kutolewa mwaka wa 1949. Kuanzia mwaka wa 1967 sherehe hiyo ikawa inaonyeshwa kwa televisheni Marekani nzima, na kilichokuwa karamu ya watu wa kazi moja kikageuka tamasha la taifa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu Tony. Tuzo hii haiupimi mchezo wa kuigiza wa dunia nzima, wala hata wa Marekani nzima. Huhesabu tu michezo iliyoonyeshwa Broadway, yaani katika majumba yapatayo arubaini na moja ya New York, kila moja likiwa na viti 500 au zaidi. Mchezo unaweza kuwaliza watu Chicago, London au Johannesburg kwa miaka kumi, lakini kama haujapanda jukwaa mojawapo la majumba hayo, kwa Tony ni kama haujazaliwa. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba Tony ni tuzo ya michezo bora duniani, mwambie ni tuzo ya waliofika mlangoni. Na mlango huo, kwa miaka mingi, haukuwa wazi kwa kila mtu.

Mweusi wa kwanza kuipata alikuwa Juanita Hall, mwaka wa 1950, kwa sehemu yake katika South Pacific. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa: mwanamke huyo Mmarekani mweusi alishinda kwa kuigiza mwanamke wa Kiasia katika visiwa vya Pasifiki. Mwaka wa 1954 akafuata Harry Belafonte, mwanamume mweusi wa kwanza kuitwaa. Jina hilo si geni kwetu hapa Kenya. Mwaka wa 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta pesa za kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, Belafonte alikuwa mmoja wa watu mashuhuri waliotia sahihi barua ya kuomba michango. Ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka Septemba mwaka huo. Hapo mjue kwamba jina lililopata sifa jukwaani lilisaidia kuwalipia vijana wetu nauli. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Sasa twende Afrika Kusini, kwa wale wawili niliowataja.

Katika kitongoji cha Waafrika cha New Brighton, nje ya mji wa Port Elizabeth, kulikuwa na kikundi cha waigizaji kilichoitwa Serpent Players. Kikundi hicho kilifanya kazi pamoja na mtunzi mzungu, Athol Fugard, kikifanya mazoezi jioni baada ya watu kutoka kazini. Miongoni mwao walikuwa John Kani, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford, na mwenzake Winston Ntshona. Mnamo mwaka wa 1972 vijana hao wawili waliamua kuacha vibarua na kuishi kwa uigizaji pekee.

Hapo wakagongana na sheria. Katika vitabu vya serikali ya ubaguzi wa rangi hapakuwa na Mwafrika ambaye kazi yake ni kuigiza. Mwafrika asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Njia waliyoipata ni kuandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Mchana karatasi ziliwaita maboi, na usiku jukwaani wakawa wasanii.

Kutokana na hali hiyo hiyo wakatunga mchezo. Unaitwa Sizwe Banzi is Dead, na watunzi walioandikwa ni watatu: Fugard, Kani na Ntshona. Kisa chake ni chepesi kukieleza na kizito kukibeba. Mtu mmoja, Sizwe Banzi, amekuja mjini kutafuta kazi, lakini kitabu chake cha pasi kina muhuri unaomtaka arudi kwao mashambani. Usiku mmoja yeye na rafiki yake wanakuta maiti njiani. Marehemu ana kitabu chenye kibali cha kazi. Rafiki anamshauri abadilishe picha, achukue jina la maiti, na lake mwenyewe alizike. Sizwe Banzi anauliza: nikilitupa jina langu, mimi nitakuwa nani?

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa kitabu hicho cha pasi. Walikiita kipande. Wao walifungiwa chao ndani ya kibati, wakakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi, na polisi aliyemkuta Mwafrika bila kipande alimpeleka korokoroni. Ndiyo maana naamini kwamba mtazamaji wa Kiambu au Kakamega angeuelewa mchezo ule upesi kuliko bwana wa New York aliyevaa tai.

Mchezo wao wa pili, The Island, ulifuata mwaka wa 1973. Wafungwa wawili katika kisiwa cha Robben wanafanya mazoezi ya mchezo wa kale wa Wagiriki, Antigone, juu ya msichana anayeivunja amri ya mfalme ili amzike ndugu yake. Na jambo hilo halikuwa ndoto ya watunzi. Wafungwa wa Robben waliigiza kweli Antigone gerezani, na Nelson Mandela mwenyewe ameeleza kwamba aliigiza sehemu ya mfalme Creon.

Michezo hiyo miwili ilianzia Cape Town, ikapelekwa London, kisha Novemba 1974 ikafika Broadway, katika jumba la Edison. Hapakuwa na mapambo ya kutajika: vitu vichache tu jukwaani, na watu wawili waliotumia mwili na sauti kuleta mbele yako kiwanda, studio ya picha, mtaa na gereza.

Aprili 1975 sherehe za Tony zikafanyika. Kwa watu weusi ulikuwa usiku wa namna yake. The Wiz, mchezo wa nyimbo ulioigizwa na weusi watupu, ulizoa tuzo 7. Ilipofika zamu ya mwigizaji bora wa kiume katika mchezo wa kuigiza, hawakuitwa nyota wa Marekani wala wa Uingereza. Waliitwa John Kani na Winston Ntshona, wawili kwa tuzo moja, kwa michezo yote miwili. Waamuzi waliona kwamba huwezi kumpima mmoja ukamwacha mwenziwe, kama vile usivyoweza kulipima shoka ukauacha mpini. Na watu hawa, kwao nyumbani, karatasi za serikali zilikuwa zimewaandika watumishi.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo methali ilipogeuka.

Wangeweza kubaki ng'ambo. Wenzao wengi walibaki, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Kani na Ntshona walirudi. Mwaka uliofuata, 1976, ndio mwaka wa Soweto, watoto wa shule walipopigwa risasi mwezi wa Juni. Miezi michache baadaye, serikali ya Pretoria ilikuwa ikijitayarisha kulitangaza jimbo la Transkei kuwa nchi huru. Ulikuwa uhuru wa bandia, hila ya kuwafanya Waafrika wageni katika nchi yao wenyewe, na hakuna nchi nyingine ya dunia iliyoutambua. Oktoba mwaka huo wawili hao waliuonyesha Sizwe Banzi is Dead ndani ya Transkei yenyewe. Mchezo huo una maneno ya kuzikejeli nchi hizo za bandia. Wakubwa wa Transkei hawakucheka. Waigizaji walikamatwa, kila mmoja akafungiwa peke yake, wakakaa humo zaidi ya wiki mbili.

Mcheza kwao alitunzwa kwa pingu.

Lakini hadithi haikuishia gerezani. Habari zilipotoka, kelele zikapigwa ndani na nje ya Afrika Kusini. Waigizaji wa Uingereza na Marekani walipaza sauti, magazeti yakaandika, na hatimaye wakafunguliwa.

Mimi nimekaa chumba cha habari miaka mingi, na nataka niwaeleze jinsi jambo kama hilo linavyofanya kazi. Habari ya mtu kukamatwa katika nchi ya mbali inapofika mezani, mhariri huuliza swali moja tu: ni nani huyo? Kama jibu ni kwamba ni mwananchi fulani, karatasi huwekwa kando, maana kila siku wananchi fulani wanakamatwa. Kama jibu ni kwamba ni washindi wa Tony wa mwaka jana, habari husomwa saa moja jioni. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Sisemi kwamba nishani peke yake ndiyo iliyofungua kufuli. Nasema iliwapa jibu la swali la mhariri. Mwaka huo huo watu wangapi walifungiwa katika vyumba kama vile, wasiojulikana na mtu ila mama zao?

Hiyo ndiyo thamani ya tuzo kama ninavyoiona. Haiongezi utamu wa mchezo. Sizwe Banzi ulikuwa mchezo ule ule kabla na baada ya nishani. Inachofanya ni kuliandika jina mahali ambapo askari hawezi kulifuta. Na ukiifikiria vizuri, ndilo swali la mchezo wenyewe. Mtu aliyelazimishwa kulitupa jina lake ili apate kazi aliigizwa na watu ambao majina yao, yakiisha kutajwa, hayakuweza kutupwa tena.

Baada ya hapo Afrika iliendelea kubisha kwenye mlango ule. Mwaka wa 1982 Zakes Mokae, aliyekuwa ameondoka Afrika Kusini, alipata Tony kwa mchezo mwingine wa Fugard, "Master Harold"... and the Boys. Huyu ndiye aliyethubutu kusimama jukwaa moja na Fugard huko Johannesburg mwaka wa 1961, mweusi na mweupe wakiigiza ndugu wawili.

Mwaka wa 1988 ikawa zamu ya Sarafina! Sisi wa rika langu tuliijua kupitia kanda za video, ile filamu ya mwaka wa 1992, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi. Kabla ya filamu, ulikuwa mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, wenye muziki alioutunga pamoja na Hugh Masekela, juu ya wanafunzi wa Soweto. Ulipendekezwa kwa Tony 5, mojawapo ya Leleti Khumalo aliyekuwa bado binti mdogo. Ulitoka mikono mitupu. Tuzo kubwa ilikwenda kwa The Phantom of the Opera. Lakini niambieni, hapa Nairobi, ni nani hajui wimbo hata mmoja wa Sarafina?

Kisha mwaka wa 1998 lugha yetu ikapanda jukwaani. The Lion King ilitwaa tuzo 6, pamoja na ile ya mchezo bora wa nyimbo, na Julie Taymor akawa mwanamke wa kwanza kutunzwa kwa kuuongoza mchezo wa nyimbo. Simba, Rafiki, Pumbaa, hakuna matata: hayo ni maneno ya sokoni kwetu, na leo mtoto wa Tokyo anayajua. Nafurahi, ingawa furaha yangu ina donge. Kiswahili kilifika kwenye meza ya karamu kabla ya Waswahili. Maneno yetu yaliimbwa. Mwana wa Afrika Mashariki hakuitwa kupanda jukwaani kuchukua nishani.

Wa kwetu alikaribia sana mwaka wa 2016. Lupita Nyong'o alipendekezwa kuwa mwigizaji bora wa kike kwa mchezo wa Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira, mwenye asili ya Zimbabwe, juu ya wanawake walionaswa katika vita vya Liberia. Waigizaji wote walikuwa wanawake weusi, mwandishi na mwongozaji vilevile, jambo ambalo Broadway haikuwa imeliona kabla. Tuzo ilikwenda kwa Jessica Lange. Mchezo wenyewe ulitunzwa kwa mavazi yake.

Winston Ntshona alifariki Agosti 2018 na Athol Fugard Machi 2025. John Kani aliendelea kuigiza, na filamu mpya ya The Lion King ilipotoka mwaka wa 2019, sauti ya Rafiki ilikuwa yake. Watoto wetu waliomsikia nyani yule mzee akicheka hawakujua kwamba sauti hiyo iliwahi kufungiwa chumba cha peke yake kwa kosa la kuigiza. Sasa ninyi mnajua, na mnaweza kuwaambia.

Nimalizie kwa jambo la hapa nyumbani. Kila mwaka tuna mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule, na kila mwaka naona watoto wenye vipaji vya kushangaza. Kombe hupokewa, likawekwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na jina la shule likaandikwa magazetini. Jina la mtoto aliyeigiza je? Lile la mwalimu aliyetunga mchezo usiku kwa taa ya chemli? Baada ya miaka mitano, nenda ulitafute uone kama utalipata.

Hatuna Broadway, wala hatuhitaji kuwa nayo. Kuandika jina hakuhitaji hoteli ya kifahari wala zulia jekundu. Kunahitaji daftari, na mtu anayejali. Tukisubiri wageni wawataje watu wetu ndipo sisi tuwatambue, tutakuwa tumeigeuza methali kwa mikono yetu wenyewe, bila hata kusukumwa na askari.

Kwa hivyo wiki hii ukitazama mchezo, uwe wa shule, wa kanisani au wa mtaani, ukipendezwa, usiishie kupiga makofi. Muulize mwigizaji jina lake, na uliandike. Hujui siku atakapohitaji kujulikana.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.